Jirani Yangu na Gari Lililokohoa

Baa tunayoangalia mbio za magari iko hapa Voi, nyuma ya stendi, na meza yetu ni ile ya chini ya feni. Feni yenyewe haizunguki, ni mazoea tu. Mimi si mnywaji sana. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kukata mkonge, pombe nikajifunzia huko, na nikaiachia huko huko, karibu yote.

Mpenzi hasa wa mbio ni jirani yangu. Alikuja kutoka magharibi akiwa fundi wa injini za treni, akazeekea hapa, na Kidawida, lugha yetu ya hapa, anakisema vizuri kuliko watoto wangu. Zamani magari ya mbio yakipita kwetu, tulipakiana baiskeli moja, tukakaa kando ya barabara na chupa ya chai. Gari likiwa bado nyuma ya kilima, yeye ameshafumba macho anasikiliza. Atasema, "Hilo linakohoa, halifiki Taveta." Na kweli, jioni tunasikia limevutwa na trekta. Mke wangu hakuzipenda hizo safari, kwa sababu mara mbili mbuzi wetu waliingia shamba la watu nikiwa huko. Hiyo ni kule kijijini Marungu, kabla hatujahamia mjini. Lakini nimeacha njia.

Sasa macho yake yameisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mwaka huu, Jumapili ya mwisho ya mbio, nilimpitia baada ya kanisa. Akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, "Ndugu yangu, leo nakuja kwa heshima yako. Baada ya leo usinipitie tena. Nakaa pale kama gunia."

Nikamshika mkono, tukaenda.

Pale baa runinga huwa haina sauti, maana watu wanataka rumba. Jirani akaelekeza uso kwenye ule mwanga, akatikisa kichwa na kusifu jinsi dereva alivyoikata kona. Wakati huo lilikuwa tangazo la sabuni. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo niliona aibu, aibu yangu mwenyewe. Siku zote hizo nilikuwa namketisha mbele ya runinga bubu na kujiona mtu mwema.

Nilimwendea mama mwenye baa nikamwomba azime muziki na kuifungulia runinga sauti mpaka mbio ziishe. Akamtazama jirani yangu, akauzima, akaifungulia runinga sauti. Wacheza drafti walinung'unika kidogo, wakatulia.

Injini zikajaa chumba kizima. Jirani aliinua kichwa. Gari lililokuwa mbele likaingia kona likipasuka-pasuka kwenye ekzosi, na yeye akafumba macho yake yale yale.

"Hilo linakohoa," akasema. "Halifiki."

Tulimwamini wote. Waliokuwa wanalishangilia waliweka glasi chini. Tukangoja lizime. Likakohoa kila kona, likakohoa mpaka mwisho, likashinda.

Fundi mmoja wa gereji akaeleza, kwa adabu, kwamba magari ya siku hizi yanatengenezwa yapasuke hivyo. Dereva akiachia mafuta, turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, isilale. Niliogopa kumtazama jirani yangu.

"Lakini mzee, umetutesa," fundi akaendelea. "Mimi nilikuwa nishaanza kulizika."

Wakacheka, na mwingine akamwita daktari anayeua wazima. Jirani alianza mabegani, kama mtu anayezuia chafya, kisha akacheka mpaka machozi. Nilikuwa sijamsikia hivyo tangu macho yaharibike. Wakamtania mpaka tunatoka, na yeye akawajibu kila mmoja.

Tulipovuka reli akasimama.

"Kama zima linakohoa, gonjwa linaliaje?"

Nikamwambia sijui.

"Basi itabidi tusikilize tena."

Mkewe alitupokea mlangoni, akauliza mbio zilikuwaje. Jirani akamjibu kwamba ameshindwa vibaya sana, mbele ya watu. Alisema hivyo huku kidevu kiko juu, na mkono wangu bado alikuwa hajauachia.