Seva Isiyohitaji Mtu

Kwa fundi wa kompyuta Makadara, mama mmoja wa mtaa wa Kuze aliyetoka eda juzi aliweka simu mezani kwa mikono miwili. Ukoo wao una seva yao wenyewe ya kuandikiana na kutumiana sauti, ili ya nyumbani yasitoke nje. Fundi huyo ndiye aliyewafungia seva hiyo.

"Mwanangu, sauti za marehemu mume wangu sizipati. Nilingoja nitoke eda ndipo nizisikize."

Fundi akatazama kompyuta, akajikuna shingo. "Mama, niliitegesha ijisakinishe upya yenyewe kila Ijumaa, nikasahau kuzitengea sauti pahala pa kukaa. Kila ikianza upya, huzifuta. Nilitaka isihitaji mtu."

"Ndiyo maana haikuniuliza," akasema mama, akajitanda buibui.

Nami nilikuwa nimekwenda kumwomba fundi anifungie seva kama hiyo. Nikanunua chaja, nikatoka.