Ubeti Uliokosa Kituo

Mama mkwe wangu aliwasili Iringa kutoka Idodi akiwa na furushi la ulezi na kuku aliyefungwa miguu, na kabla hajaketi aliuliza ni kazi gani niliyokuwa nayo mkononi. Nilimwonyesha sweta dogo jeupe nililokuwa nikilifuma. Lilikuwa limebaki mkono mmoja.

"Basi liache hapo hapo."

"Mkono mmoja tu, mama. Jumamosi litakuwa tayari."

"Ndiyo maana ninasema uliache. Mwalimu, unafundisha watoto wa watu kusikia, mwenyewe husikii?"

Nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, zote kabla tumbo halijaanza kuonekana. Mama hakuzitaja. Alinieleza tu, huku akimfungua kuku, kwamba mwanamke ambaye mimba zake hazikai hamalizi kazi yoyote ya mkono mpaka ajifungue: hapindi upindo wa mwisho wa nguo, hafungi fundo la mwisho la kikapu.

"Mikono ikimaliza, tumbo nalo linasikia kwamba kazi imekwisha. Linafungua mlango."

Hata leo sijui kama hiyo ilikuwa mila ya Idodi nzima au ya jikoni kwake peke yake. Niliweka sweta kabatini, sindano zikiwa bado zimo ndani yake.

Mume wangu hakuwapo. Ilikuwa miaka ya sabini, reli mpya ilipokuwa ikitandikwa kuelekea Mbeya, naye alikuwa fundi katika kambi iliyokuwa upande wa Rujewa, kwenye tambarare za Usangu. Alikuja nyumbani kila alipopata ruhusa, na ruhusa zilikuwa chache. Mimi nilizaliwa Mbeya, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na Kihehe sikukijua. Wanawake wenzangu bombani walinisalimu kwa heshima, "Kamwene, mwalimu," nami niliitikia. Kisha walirudi katika mazungumzo yao, nami nikabaki nikiyatazama maji yakipanda ndooni. Hawakunifanyia ubaya wowote. Walikuwa na lugha yao, na mimi sikuwa na mtu wa lugha yangu.

Lugha yangu, kwa maana ninayoikusudia, ilikuwa ushairi. Baba alinifundisha nyuma ya kaunta ya duka lake la vitambaa, kama alivyofundishwa yeye: mizani huhesabiwa kwa vidole, vina huheshimiwa, na ubeti usio na kituo, yaani mshororo wa kuufunga, si ubeti bali ni nyumba isiyoezekwa. Alinihifadhisha tungo za sifa, za maombolezo, na za mawaidha kwa bibi harusi. Nilipozipitia zote kichwani, katika majira yale ya baridi, sikukuta hata ubeti mmoja uliosemwa na mwanamke mwenye mtoto tumboni. Nilikuta mke akisifiwa na mama akililiwa; kati ya hao wawili palikuwa kimya. Kumwuliza baba kusingewezekana, kwa kuwa binti hazungumzi na baba yake habari za tumbo lake. Basi nilianza kutunga mwenyewe, kwa sauti, nikitembea kutoka dirishani hadi kitandani:

*Mgeni u safarini, baridi imeshashika,*
*Moto ninao jikoni, mlango sijashindika,*
*Wala sikuiti ndani, usije ukashituka,*

"Unaongea na nani humo?" Mama aliuliza kutoka barazani, alikokuwa akichambua maharage katika ungo.

"Na mgeni, mama."

"Anajibu?"

"Bado."

"Basi amefuata kwenu. Angekuwa wa ukoo wa mume wangu angekwisha kukujibu kwa mateke." Alicheka, kisha ungo ukanyamaza. "Huo wimbo umekwisha?"

"Umebaki mstari mmoja."

"Na huo uache."

Nilimweleza, kwa utaratibu wote wa darasani, kwamba shairi si kazi ya mkono. Ni kazi ya akili na ulimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huko kuhesabu kwako ninakokuona, unahesabu na nini?"

"Na vidole."

"Haya," alisema, na ungo ukaanza tena.

Sikuamini. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimesoma, na nilijua kwamba mimba haisikii habari za vituo wala za mikono ya sweta. Hata hivyo sikuutunga mshororo wa nne. Kila nilipofika mwisho wa ule wa tatu niliishia hapo, nikaweka kiganja tumboni, nikaondoka dirishani.

Mume wangu alikuja Jumamosi moja alasiri, mvua ikipiga bati, akiwa na tope la Usangu mpaka magotini. Wakati huo tumbo lilikuwa limekwisha kuonekana. Alioga, akala, akalala ubavuni pangu bila kujua aanzie wapi. Kila aliporudi tulilazimika kuzoeana upya, kama wachumba. Nilimchukua mkono nikauweka pale mtoto alipokuwa akicheza. Aliuacha hapo, mzito na wenye joto, na baada ya muda nilihisi pumzi yake inakwenda pamoja na yangu. Katika miezi yote ile hiyo ndiyo saa pekee ambayo sikuwa mpweke. Nikamsomea ubeti wangu, polepole. Nilipomaliza mshororo wa tatu, nilinyamaza.

Kwao, mwimbaji akinyamaza huwa anaomba kuitikiwa. Nilihisi akivuta pumzi. Aliegemea kiwiko, akatabasamu, akafungua kinywa. Alikuwa na neno. Nililiona usoni mwake. Nami, niliyekuwa nimesoma, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Alishtuka. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaurudisha kifuani pangu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Samahani," alisema. "Mambo ya mashairi mimi siyajui."

Ningemweleza, lakini niliona haya kutamka kwa kinywa changu kile nilichokuwa nikikiogopa. Aliinuka akaenda kuchanja kuni, ingawa kuni zilikuwapo. Kesho yake alirudi kambini.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti kubwa. Mama alilitoa sweta kabatini siku ile ile, akakaa nalo mlangoni. Uzi mweupe ulikuwa umeadimika madukani, basi mkono wa pili aliufuma kwa uzi wa kijani. Alipomaliza aliniambia, "Na wewe malizia wako. Amekwishafika."

Nilijaribu. Nilitunga vituo vingi, vyote vikiwa sahihi kwa vina na mizani, nikavikataa vyote. Ubeti ule ulikuwa umekwisha kupata jibu lake, na jibu hilo halikuwa kwangu; lilikuwa kwake yule niliyemziba mdomo.

Mume wangu alipokuja kumwona mtoto, nilimwuliza ni maneno gani aliyotaka kusema siku ile ya mvua.

"Siku ipi?"

Nilimkumbusha. Alifikiri kwa uaminifu, akitazama mkono ule wa kijani. "Nilikuwa nayo," alisema. "Yamekwenda."

Basi nikamsomea tena, mtoto akiwa katikati yetu. Nilifika mwisho wa mshororo wa tatu, nikanyamaza, nikasubiri. Alikitazama kwanza kiganja changu, kana kwamba kingemziba tena. Kisha akamtazama mtoto, akalivuta sweta limfunike tumbo. Ubeti ukabaki na mishororo yake mitatu.