Diski Zilizonunuliwa Siku Moja

Pale kituo cha redio walimwita Fundi, mwanamke mkali kama pilipili kwa yeyote aliyesogeza kikombe cha chai karibu na mashine zake. Ndani ya sanduku moja la diski mlikuwa na vipindi vyote vya zamani, pamoja na sauti ya kaka yake, mtangazaji aliyefariki mkewe akiwa mjamzito. Binti aliyezaliwa baadaye sasa alikuwa anaolewa, na Fundi, shangazi mtu, alishamwahidi kwamba siku ya harusi atamsikia baba yake.

Asubuhi ile taa ya diski moja ikawa nyekundu. Sanduku likifiwa na diski moja hustahimili. Likifiwa na mbili, basi tena. Fundi akahakikisha namba mara mbili, maana ukichomoa nzima umeua kwa mkono wako. Akaivuta kidogo, akasubiri iache kuzunguka, akaitoa, akasukuma mpya hadi ikashika. Sanduku likaanza kuijaza upya kutoka kwenye zile zilizobaki, kazi ya kutwa.

Bibi harusi akapiga simu.

"Shangazi, ninakilie sasa hivi basi, hata maneno mawili ya baba!"

"Mashine iko taabani, mwanangu. Nikiitwisha mzigo mwingine itaanguka. Kesho."

Na alikuwa sahihi, jamani, sahihi kabisa! Lakini diski zile zote zilinunuliwa siku moja, zikachoka pamoja. Alishamlilia mkurugenzi wawe na nakala nje ya sanduku. Bwana mkubwa akacheka: "Sanduku linajilinda lenyewe, Fundi. Una wasiwasi wa nini?" Haya sasa.

Alasiri, kazi ikikaribia kwisha, diski nyingine ikaanza kugonga, ta-ta-ta. Angefanya nini? Kuizima ni kuiua, kuigusa ni kuiua. Alikaa mikono mapajani, akamwomba Mungu, akaitukana mashine, akamwomba tena. Taa ikawa nyekundu.

Simu ikalia. Fundi hakuzunguka mbuyu.

"Imekwenda, mwanangu. Yote."

"Basi niigizie wewe, Shangazi. Alikuwa anaanzaje kipindi?"

Fundi akakohoa, akashusha sauti mpaka chini kabisa.

"Hamjambo huko mliko..."

Ikatoka sauti yake mwenyewe, ya mwanamke aliyekuwa analia.

"Alikuwa hivyo?"

"Hapana, mwanangu. Siyo hivyo hata kidogo."