Chewa niliyemtenga nyuma ya jikoni, Diani, nusura anikoseshe kazi

Salaam wakuu,

Nimeona mdogo wetu mmoja humu anauliza kama samaki mkubwa mpya lazima akae karantini kabla ya kuchanganywa na wenzake. Jibu ni ndiyo. Ila kuna jambo moja hutaambiwa na muuza samaki, na mimi lilinipata. Sitii chumvi, ukibisha shauri yako.

Ilikuwa miaka ya sabini, hoteli za Diani bado za kuhesabu. Yetu ilikuwa imepata meneja Mwafrika wa kwanza, na bwana yule alipenda kuonekana. Akajenga tangi la kioo pale mapokezi, refu kama kitanda cha watu wawili.

Mimi, kijana wa Msambweni, nikapewa kulitunza. Nilikuwa kibarua wa majaribio. Meneja alinieleza wazi: wakubwa wa serikali kutoka Nairobi wanakuja Ijumaa. Wakimwona chewa mle ndani, naajiriwa. Wasipomwona, narudi kwetu.

Chewa tukampata kwa wavuvi, mzima, mnene, amenuna kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sasa, samaki aliyemtangulia alikuja na madoa meupe akamaliza tangi zima. Huyu nikasema atakaa peke yake kwanza.

Nyuma ya jikoni palikuwa na birika la saruji la kufulia. Nikalisugua bila sabuni (sabuni inaua, wakuu), nikajaza maji ya bahari, nikaweka pampu ya hewa, kipande cha bomba pana ajifiche, na wavu juu maana chewa anaruka. Ndoo yake mbali, isiguse tangi kubwa. Halafu nikatia mrututu kidogo, yale mawe ya buluu ya kutibu vidonda, kuua vijidudu.

Narudia: nyuma ya jikoni. Hapo ndipo nilipojiponza.

Mpishi mkuu, Bi Mwanasiti, akatoka kumwaga maji akamwona.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu bwana mkubwa mbona yu peke yake?"

"Nimemtenga, Bi."

"Umemtengea nani?"

"Wageni wa Ijumaa."

"Mashallah," akasema, akarudi ndani ameridhika.

Wakuu, kwangu mimi kutenga ni kumweka mbali na wenzake. Kwa mpishi wa Pwani, kitoweo kilichotengwa kina mwenyewe. Na sikudanganya, nilimtenga kwa ajili ya wageni kweli. Wamtazame!

Tangu hapo Bi hakupita bila kuchungulia.

"Ananona?"

"Ananona, Bi."

Akawa anamletea kamba wabichi. Mimi nikaona mama huyu ana huruma na viumbe, hata nikamsifia kwa meneja.

Ijumaa asubuhi nafika, nakuta Bi amejifunga leso kiunoni, nazi zimekunwa, ukwaju umelowekwa, na wapishi wawili wameshika wavu. Chewa anapiga mkia, wote wamelowa chapachapa.

"Bi! Mwafanya nini?"

"Kwani wageni si leo?"

"Huyo si wa kuliwa! Ametiwa mrututu!"

Rangi ilimtoka. Mrututu kila mtu aliujua, kidondani dawa, tumboni sumu. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akavuta uradi, anamshukuru Mungu.

Alipomaliza, alinipa yangu. "Mwana we, ungesema mgonjwa! Ningeua serikali nzima hapa!"

Tukamhamisha chewa mapokezi. Wakubwa wakaja. Mmoja, mwenye tumbo lake, akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Nikajua ajira hiyo.

Akagonga kioo kwa kidole.

"Huyu anakuja na wali au ugali?"

Meneja akacheka. Mkubwa hakucheka. Meneja akanigeukia mimi.

Nikafikiria kazi, nikafikiria mrututu.

"Mheshimiwa, huyu ni mgonjwa."

Mkubwa aliondoa kidole kwenye kioo akakifuta kwenye koti. Akala kuku.

Meneja aliwasindikiza mpaka magari yakaondoka. Kisha akaniambia Jumatatu nije na picha mbili za kitambulisho cha kazi.

Kwa hiyo mdogo wangu, karantini weka, lakini mbali na jiko, na kila anayeuliza mwambie mgonjwa. Usimwambie mtu umemtenga.

Wenye samaki wakubwa, wenu mmewaweka wapi, na jikoni kwenu wanajua?