Msitu Juu ya Meza ya Mkwe

Walimwita Magome kwa sababu hakuweza kupita karibu na mti bila kuubonyezabonyeza kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Alikuwa mchongaji, tena wa kutisha, msidanganywe na viraka vya suruali yake. Mara mbili kwa mwaka alizama msituni wiki nzima, akarudi na mbegu mifukoni, siafu kwenye soksi na kichwa kimejaa mizizi. Mizizi hiyo aliichonga juu ya ubao, akaupaka wino mweusi, akalaza karatasi, akaikandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka picha itoke.

Mwaka ule ukumbi wa maonyesho ukamtaka alete picha moja tu, ila iwe na ukubwa wa mlango. Ubao mzima wa ukubwa huo aliutafuta wiki mbili asiupate. Kumbe siku zote hizo alikuwa akinywea chai juu yake.

Hiyo meza, sasa! Aliitengeneza baba mkwe mwenyewe, fundi seremala aliyestaafu, ingawa mdomo wake ulikuwa bado kazini, siku alipomwoza binti yake. Na binti alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua. Wiki tatu! Mwachie mchongaji meza isiyo na mlinzi wiki tatu, halafu uniambie.

Mke aliporudi, Magome alikuwa ameichonga meza yote na ndiyo kwanza amemaliza kuipaka wino. Mkoba ukamdondoka mkononi.

"Mume wangu, meza ya baba!"

"Si imependeza?"

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo mlangoni anavua viatu."

Magome aliruka chumbani, akarudi na shuka jeupe, akaifunika meza. Mzee akaingia, akaketi, akakunja uso.

"Mbona meza yangu mmeivisha sanda?"

"Ni kwa heshima yako, baba."

"Heshima gani? Meza haisikii baridi."

Akaweka viwiko vyote viwili juu ya shuka na kuanza kusimulia ujana wake. Mzee huyu hakumaliza sentensi bila ngumi. Alivyopiga randa, puu! Alivyomshinda fundi mwenzake, puu! Kila ngumi ilipotua, Magome alifumba macho. Mke alimpa baba yake kikombe mkononi, kisahani akakishika yeye, shuka lisije likavutwa.

Basi wino ukapenya. Likajitokeza jani moja, la pili, kisha tawi zima.

"Mkwe," mzee alisema taratibu, "shuka lako linaota majani."

Akashika pindo, akalifunua. Mke akakumbuka ghafla kwamba ana jambo jikoni.

Upande wa chini wa shuka ulikuwa msitu mtupu. Ngumi zilipotua, mashina yalisimama meusi tii. Pasipoguswa, miti ilififia kama iliyo ndani ya ukungu. Kijiko cha Magome hakijawahi kutoa kitu kama hicho. Akasahau kabisa kuogopa.

"Baba, lirudishe hivyo hivyo! Piga na pembe ile, bado haijashika!"

Mzee alimtazama kama anayechagua pa kumpiga yeye. Kisha akapitisha kidole kwenye michongo.

"Hapa umekata kinyume cha nyuzi za mti. Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Inaonekana." Akapiga pembe ile ngumi tatu za nguvu. "Haya, picha yako peleka. Lakini binti yangu hatakula chakula juu ya vichaka. Utamtengenezea meza nyingine, bila msumari hata mmoja, na mimi sitoki humu mpaka isimame."

Picha ilikwenda, watu wakajazana kuitazama. Magome alisimuliwa tu. Alikuwa uani, jasho likimtoka, randa mkononi. Huu ni mwezi wa tatu tangu aanze. Jana alikamilisha mguu wa nne, mzee akainama, akafumba jicho moja, akapima.

"Mfupi. Anza upya," alisema, akamwita binti yake kumuuliza leo kumepikwa nini.