Nta Iliyobaki Chini ya Kitanda

Miaka ile ya vita vya Wazungu, kijijini kwetu karibu na Ipole, watu waliulizana bei ya nta kabla ya kujuliana hali. Mtu akitokea Sikonge na baiskeli, jasho hajafuta, baba alishamsimamisha. "Imepanda?" Imepanda. Kwa nini, hakuna aliyejua. Wengine walisema ng'ambo wanatengenezea mishumaa, wengine rangi ya viatu, na jirani yetu mmoja, hodari wa kujua asiyoyajua, aliapa kwamba ndege za vita haziruki bila kupakwa nta. Tulimwamini. Kwa bei ile ungeamini lolote.

Baba alikuwa mrina asali. Babu alimwachia mizinga ya magome porini na sharti moja: ukirina, waachie nyuki masega ya upande mmoja, wasije wakahama. Mwaka ule baba aliwaachia moshi tu. Alikata masega yote, hata yenye majana, watoto wa nyuki, akayakamua, akachemsha nta. Asali, ambayo zamani tuliigombania, ilikuwa nyingi mpaka tukaikinai. Mimi, msichana mzima, niliwekewa kata tele nikasema sitaki. Sijui nilirogwa na nani.

Nta aliigandisha kwenye bakuli, akavipanga vipande chini ya kitanda. Mama alitaka viuzwe upesi tununue mtama na mbegu za karanga, maana wanaume walikuwa porini wakirina na shamba lilikosa mikono.

"Baba watoto, uza. Mvua haingoji bei."

"Ngoja kidogo. Wiki ijayo itapanda tena."

Na kweli ilipanda, na hilo ndilo lililomponza. Wiki ile ikapita, na nyingine, na kila mara bei ilimpa haki yeye, ikamfanya mama aonekane mwoga. Simcheki. Nani angeuza?

Kisha siku moja yule mtu wa baiskeli akapita bila kututazama. Bei ilikuwa imeanguka, na mwenye duka wa Sikonge alinunua kwa kusuasua, tena anachagua. Baba aliuza karibu vyote ili tule. Kikabaki kipande kimoja, ambacho mama alikitumia kupaka uzi wake wa kushonea.

Msimu wa kurina ulipofika, baba alikwenda porini, akarudi mapema kuliko kawaida. Alikaa kizingitini na kamba yake bado begani.

"Wamehama," alisema. "Wote."

Niliumia kumtazama. Mtu aliyekuwa akiwasimamisha wapita njia, sasa anawakwepa.

Na bei, kama iliyotumwa kutukomoa, ikapanda tena, juu kuliko mwanzo. Sisi tulikuwa tumebakiwa na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, navyo vilikuwa vinaelekea ukingoni. Mwenye duka akaja mwenyewe mpaka uani.

"Mzee, hata kipande kimoja huna?"

Mama aliingia ndani, akakitoa, akakiweka chini kati yao. Kipande kile kingetupa mtama wa kutufikisha kwenye mavuno, na mimi, kusema kweli, niliomba moyoni kiuzwe. Nilikuwa nimeyachoka matobolwa mpaka harufu yake.

Baba alikiokota, akakinusa. "Hiki cha kupakia mizinga," alisema. Kundi la nyuki linalotafuta makao hufuata harufu ya nta. Mzinga usiopakwa huupita tu.

Mwenye duka akaongeza bei. Baba akatikisa kichwa. Akaongeza tena, kisha akacheka, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nilijua sasa mama atalipuka. Badala yake aliinama, akachochea moto, akateleka chungu.

"Kilete kiyeyuke," alisema, "kabla sijautamani ule mtama."

Tulilala na njaa zaidi ya mara moja mwaka ule, na mama hakumsimanga hata siku moja. Msimu uliofuata baba alirudi na masega machache juu ya majani mabichi. Mama alichungulia kikapuni.

"Na mengine?"

"Nimewaachia wenyewe."

Tulikuwa tunakula, asali inatuchuruzika mikononi, mtu wa baiskeli alipotokea njia ya Sikonge. Baba alisimama. Nikaona mama ameacha kutafuna. Baba akamsalimu yule mtu, akamuuliza habari za nyumbani na za watoto, akampa kipande cha sega, akamwacha aende.