Mwavuli wa Bwana Harusi

Kinyozi mmoja, pande la mtu, alikwenda kununua mwavuli wa akiba, ule unaomwokoa mrukaji wa angani mwavuli mkubwa ukigoma kufunguka. Akachagua mdogo kabisa, maana mgongoni ulimfanya aonekane mwembamba.

"Una kilo ngapi, kaka?" muuzaji akauliza.

"Sabini."

"Na tumbo je, litashuka na mwavuli wake? Kwa huo, mtu mzito anadondoka kama nazi."

Kinyozi akaangua kicheko. Mizani aliikwepa, kwa fundi nguo alidanganya vipimo, ila ardhi ingempokea na kilo zake zote.

"Sabini alikuwa nazo bwana harusi niliyekuwa miaka ile," akasema, akijipigapiga kitambi. "Huyu aliyebaki ana mia na tano. Nipe wa kumtosha yeye."